Sabuni ya Shayiri

Siku mama mkwe alipopiga simu kusema anakuja, Baridi alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, sikio ameliegemeza kwenye tangi, anasikiliza pombe yake ikicheua. Na ilikuwa inacheua vizuri. Blup, inanyamaza kidogo, blup. Watu wengine husikiliza redio. Yeye, tangu kiwanda kifungwe, raha yake ilikuwa hiyo.

Mke wake akaingia kiubavu, maana bafu lile halikuingilika kifua mbele. Alikuwa mshonaji, na alikuwa na pini mdomoni na simu mkononi, ameibana kifuani ili aliye upande wa pili asisikie.

"Mama anakuja Ijumaa," alisema kwa meno yaliyobana.

"Ijumaa ipi?"

"Hii. Anataka kuiona sabuni."

Baridi aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye bomba la tangi, akakaa tena. Blup, ikasema pombe.

Hapa inabidi tuseme ukweli, kwa sababu wenyewe hawakuusema. Sabuni haikuwapo. Kilichokuwapo ni tangi la chuma cha pua, refu kumfika mtu kidevuni, pana kuliko bibi harusi. Kiwanda cha maziwa kilipofilisika, wafanyakazi hawakulipwa fedha, walilipwa vitu. Mmoja alipewa viti vya mapokezi. Mlinzi alipewa geti, akaondoka nalo mgongoni kama kobe. Baridi, fundi wao wa majokofu, akapewa tangi. Lilikataa sebuleni, likakataa jikoni, likakubali bafuni tu, tena baada ya kung'oa mlango pamoja na fremu yake. Mlango uliporudishwa, tangi likawa limefungwa ndani maisha.

Alijaribu mtindi, ukamgomea. Akajaribu juisi, ikalipuka na kupaka dari rangi ambayo hadi leo haijatoka. Ndipo akajaribu bia. Alinunua shayiri, akanunua na ile pakiti ya maua makavu machungu yanayoitwa hopsi, akapika kwenye sufuria za kukopa, akamimina tangini, akangoja. Ya kwanza majirani waliinywa kwa adabu, wakiangaliana. Ya pili walikuja bila kuitwa. Tangu hapo walikuwa wanakuja na vikombe vyao.

Lakini kuoga jamani! Kuoga ilikuwa usimame mguu mmoja ndani ya beseni, mkono mmoja umelikumbatia tangi usianguke, wa pili ndio ujisugue nao. Mke wake alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba yeye huoga na mwanamume wa pili, tena mnene, na mumewe anajua na amenyamaza.

Alivumilia miezi, kisha akakata shauri. Jumamosi hii meneja wa hoteli ya kilimani alikuwa anakuja kuonja. "Akiipenda," mke alikuwa amesema, "tunapanga stoo, ukuta unavunjwa, tangi linatoka, naoga kama binadamu. Asipoipenda, linakatwa vyuma chakavu, unarudi kutengeneza mafriji ya watu, na neno pombe silisikii tena humu ndani." Baridi akakubali. Angefanya nini? Nusu ya bafu ni ya mwanamke.

Na ile sabuni ilitoka wapi? Ilitoka kinywani mwa mke mwenyewe. Siku moja alikuwa anazungumza na mama yake kwenye simu karibu na bafu, tangi likacheua.

"Nini hicho?" mama akauliza.

Sasa, mama huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wapinga ulevi mtaani kwao. Aliwahi kumkimbiza mwenye baa kwa ufagio mpaka mtaa wa pili. Mume wake, baba wa mshonaji, Mungu amrehemu, alikuwa amekunywa baiskeli, akanywa ng'ombe, akamalizia na kiwanja. Binti alipofumba macho akaona ule ufagio.

"Sabuni, mama," alisema. "Mkweo anatengeneza sabuni ya maji."

Mama alipiga vigelegele, simu ikakwaruza. Alikuwa amemwombea mkwe wake kazi tangu kiwanda kife.

*

Ijumaa nyumba ilikuwa imejiandaa kuwa kiwanda cha sabuni. Walipanga chupa tupu dirishani. Wakatundika ndimu. Kibali cha kutengeneza pombe, alichokihangaikia Baridi kwa foleni na soli za viatu, kikafichwa nyuma ya kioo. Baridi alimwaga sabuni ya unga sakafuni ili inuke inavyopaswa, akateleza nayo mwenyewe.

Mama mkwe alishuka na madumu sita matupu, yamefungwa kamba kama samaki.

"Haya ya nini, mama?" Baridi akauliza, huku ameinama kumpokea mizigo na kumpa heshima yake.

"Ya sabuni, mwanangu! Akina mama wote wameagiza. Na wamelipa kabisa. Nimewaambia, mkwe wangu siyo wale wa kukaa barazani kuhesabu magari."

Baridi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dari, lile lenye rangi ya juisi.

Mama hakutaka hata kukaa. Alitaka kupelekwa kwenye mtambo. Akaingizwa bafuni kiubavu, naye alikuwa mwanamke wa kujaza nafasi, kwa hiyo Baridi alibaki nje akichungulia juu ya bega lake. Mama aliliangalia tangi toka chini hadi juu. Akafunua kifuniko. Povu jeupe lilikuwa limetulia juu yake. Akaingiza pua, akavuta pumzi ndefu, akakaa nayo.

"Mbona inanuka mkate?"

"Ni shayiri, mama," alisema Baridi, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. "Ni sabuni ya shayiri. Inalainisha ngozi."

"Ahaa." Mama alimtazama kwa muda. "Inalainisha ngozi."

"Sana."

"Na wewe binti, unaitumia?"

"Kila siku, mama," akasema mshonaji.

"Basi nami nimetoka safari, nina vumbi. Ngoja nioge."

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia.

Hapo ndipo mume na mke walipojua kwamba uongo ni mgeni asiyeaga. Kutoka ndani walisikia beseni likivutwa, kisha bomba la chini la tangi likifunguliwa. Chwaaa.

"Mwambie!" Baridi alinong'ona.

"Mwambie wewe, si pombe yako!"

"Mama mkwe yuko uchi! Nigonge mlango ambao mama mkwe yuko uchi? Unataka nilaaniwe mpaka visigino?"

Mke akagonga kidogo. "Mama! Maji yapo kwenye ndoo ya bluu!"

"Maji ya nini na sabuni ipo?"

"Usiitumie nyingi, mama, ni... ni kali!"

"Mbona hainiwashi?" Chwaaa tena. "Inateleza vizuri tu. Hii ya nywele jamani, hii ya nywele!"

Baridi alikuwa ameegemea ukuta, anahesabu kwa vidole lita zinazoteremka kwenye mwili wa mzazi wake. Mama alipotoka, alikuwa anang'aa kama kikombe kipya na ananuka kama baa siku ya mshahara. Aliwapita taratibu. Mlangoni mwa sebule akageuka.

"Hamna la kuniambia?"

Waliangaliana. "Karibu chakula, mama," alisema Baridi.

*

Walikula. Mama alizungumzia watoto, kama kawaida yake. "Mimi nangoja mjukuu, nyie mnalea tangi," akasema. "Tena limenenepa kuliko baba yake." Mshonaji alicheka kupita kiasi. Baridi naye akacheka, akapaliwa na wali.

Kisha mama akaweka kijiko chini. "Na kesho kuna nini? Naona kijana huyu anaitazama saa."

"Meneja mmoja wa hoteli anakuja," alisema Baridi. "Kuonja... kuangalia. Kuangalia sabuni."

"Kuonja sabuni?"

"Hoteli kubwa, mama. Wana taratibu zao."

"Makubwa," alisema mama. Akamwangalia binti yake muda mrefu, na macho yake yakawa siyo ya mzaha. "Mficha uchi hazai," akasema, akaondoa sahani.

"Unaona?" alinong'ona mshonaji walipokwenda kulala. "Bado ni habari ya mjukuu."

*

Baridi aliamshwa na kimya. Hakikuwa kimya cha kawaida, ilikuwa ni kukosekana kwa blup. Alitoka kitandani na bukta, akakimbilia bafuni, akafunua kifuniko cha tangi, akaingiza kichwa chote.

"Uuu," alisema, na tangi likamjibu: uuu.

Tupu. Chini palibaki tope la rangi ya uji.

Alitoka uani. Lo! Kila kitu cha kitambaa kilichowahi kuingia katika nyumba ile kilikuwa kwenye kamba. Mapazia, mashuka, mito, vitambaa vya makochi, magauni ya wateja wa mkewe, hata kofia yake ya zamani ya kiwandani. Vyote vinadondosha matone ya kahawia, na upepo ulipopita ua mzima ulinuka bia. Ukutani majirani wawili walikuwa wamesimama na vikombe vyao, wamepigwa na butwaa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Baridi alirudi bafuni, akakaa juu ya kifuniko cha choo. Hakulia kwa sauti. Alilia kama friji linaloharibika, anatetemeka na kuvuja kidogo kidogo. Mkewe akamkuta hapo, akachungulia tangini, akamwekea mkono shingoni. Ingawa siku zote alilichukia lile tangi, hakufurahi hata chembe.

"Pole, mume wangu."

"Wacha tu. Likakatwe vyuma."

Simu ikalia. Meneja alikuwa ameshafika kona ya duka la dawa, anauliza ni geti lipi.

"Mwambie unaumwa," mke akasema haraka. "Mwambie homa. Hapana, mwambie tumefiwa!"

"Tumefiwa na nani?"

"Na yeyote! Mjomba!"

Baridi alifungua mdomo kumuua mjomba. Ndipo alipomwona mama mkwe kwenye korido. Alikuwa amepiga magoti, mgongo umepinda, anapiga deki kwa kitambaa alichokuwa anakichovya kwenye ndoo yenye povu. Anasugua pembe ambazo wao wenyewe hawajawahi kuzisugua. Mwanamke mzima, mama wa watu, anasafisha nyumba ya mkwe wake kwa uongo waliompa wenyewe. Aibu ilimshika Baridi masikioni kwanza, ikateremka.

"Meneja, njoo," alisema kwenye simu. "Geti la kijani. Ila sina kitu cha kukuonjesha. Nitakueleza ukifika." Akakata. Akaenda kwenye korido, akapiga magoti naye, bukta ikalowa.

"Mama, ile siyo sabuni."

Mama hakuacha kusugua. "Ni nini?"

"Ni pombe, mama. Ni bia. Naitengeneza mimi."

"Na aliyesema sabuni ni mimi," mshonaji akasema nyuma yake, machozi yanamtoka. "Niliogopa, mama. Nilijua utamwona kama baba."

Mama mkwe aliacha kusugua. Alikikamua kitambaa, pole pole, mpaka tone la mwisho. Kisha akakaa chini kabisa, ameegemea ukuta, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikaisha na uso wake ukabaki umechoka.

"Mimi nimelala na harufu hii miaka yote ya ndoa yangu," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye pua je? Nilishuku tangu kwenye simu. Sabuni gani inayocheua?"

"Sasa mama..." Baridi alianza.

"Nilisema nije, wataniambia. Nikainusa mbele yenu, kimya. Nikaioga, wanangu, nikaioga mwili mzima, nimejipaka pombe mimi mwenyekiti! Kimya. Nikawauliza hamna la kuniambia, mkanikaribisha chakula. Leo nimefua mpaka mapazia. Nimepiga deki. Nikawa najiuliza, hivi hawa watakaa kimya mpaka niipikie chai?"



"Baba yako," akamwambia binti yake, na hapo sauti ikapungua, "pombe yake ningeiweza. Nilikuwa na ufagio. Kilichonishinda ni kuambiwa yuko zamu wakati hana zamu. Kuambiwa baiskeli imeibwa. Nilimtafuta mwizi wa baiskeli ile mwaka mzima, nimegombana na watu wasio na kosa. Ulevi niliuona, uongo ndio ulionizeesha. Nikasikia wewe nawe umeanza, tena kwa simu, tena kwa sauti yake ileile."

Mshonaji alimwangukia mamaye kifuani, wakalia wote wawili kwenye sakafu yenye bia. Baridi akalia pembeni, kwa sababu nafasi ya katikati haikumtosha.

"Basi, basi," alisema mama, akijifuta. "Mtu wenu anakuja. Wewe vaa suruali. Halafu nenda ukalifungue lile friji la muuza aiskrimu."

Barazani lilikuwapo friji kubwa la kulala la muuza aiskrimu, ambalo Baridi alikuwa amelitengeneza na mwenyewe hajalifuata. Alilifunua. Ndani, madumu sita yamelala yamebanana, yamejaa hadi shingoni, yanatoa jasho la baridi.

"Nimelichemshia maji kila dumu kwanza," mama akasema nyuma yake. "Na baridi nimeipunguza, isije ikaganda. Baba yenu aliwahi kuzisahau chupa zake kwenye barafu zikapasuka zote. Alilia kuliko kwenye msiba wa mama yake."

*

Meneja alikuwa mwembamba, ana tai na ana pua ndefu iliyotangulia mwili. Alipovuka geti aliisimamisha ile pua hewani, katikati ya mapazia na mashuka yaliyokuwa yanapepea.

"Ndugu yangu," alisema, "nimetembelea wengi. Sijaona mtu aliyefua nyumba nzima kwa bia ili mteja aisikie harufu toka barabarani. Hiyo ndiyo biashara."

"Tunajitahidi," alisema Baridi, suruali ameivaa nyuma mbele.

Wakammiminia. Meneja akainua glasi kwenye mwanga, akanusa, akanywa, akafumba macho. Walibaki wanamtazama koo. Mshonaji alikuwa ameshika pazia bichi, analikamua bila kujua, linamdondokea miguuni.

"Ina mwili," alisema meneja. "Imejaa mdomoni, lakini haikupigi ngumi." Akanywa tena. Glasi ikaisha. "Nachukua yote mliyo nayo. Na kila wiki mniletee kiasi hiki, mkiweza mara mbili. Inaitwaje?"

Jamani, jina! Walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa jina. Baridi akamtazama mke, mke akamtazama mama.

"Sabuni," alisema mama mkwe.

"Sabuni?"

"Sabuni ya Shayiri. Inalainisha ngozi."

Meneja alicheka hadi tai ikaingia kwenye glasi.

*

Ukuta ulivunjwa. Majirani walikuja kusaidia kulitoa tangi, na kwa kuwa walikuwa na vikombe vyao, kazi ilichukua muda. Siku hiyo mshonaji alioga kwa miguu yote miwili, mikono ameitanua kama anayepaa, akaimba mpaka maji ya mtaa yakapungua nguvu. Stoo waliyopanga ilikuwa nyuma ya karakana ya magari. Tangi likapata mwenzake, kisha wa tatu. Leo ukiingia hoteli ile utasikia watu wazima wenye suti wanaagiza, "Niletee sabuni baridi," bila haya.

Walibaki akina mama wapinga ulevi, waliokwisha kulipia sabuni ya kweli. Mama mkwe alikataa katakata warudishiwe fedha. "Niliwaambia mkwe wangu anatengeneza sabuni," alisema, "na mimi siyo mwongo." Kwa hiyo Baridi, mwenye kiwanda, alijifunza kutengeneza sabuni. Ya kwanza ilimchubua vidole. Ya pili haikutoa povu hata kwa kubembelezwa. Ya tatu ndiyo iliyojaza madumu, na akaipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nyuma ya mama mkwe aliyekuwa anatembea mbele na ufagio wake, akimwambia kila mwenye nyumba, kabla hajaulizwa, kwamba huyu hapa ni mpika pombe, ila sabuni yake hii ni safi.

Pombe yenyewe mama hajaionja na anasema hataionja. Lakini kila mwisho wa juma hupiga simu, na hana salamu nyingine ila swali moja. Simu hiyo haijali Baridi yuko wapi, benki, kwenye foleni, mazishini. Siku moja ilimkuta kanisani, mstari wa mbele.

"Mnatengeneza nini huko?" mama akauliza, na simu yake ina sauti kubwa, watu wote wakageuka.

Baridi alimtazama mchungaji, akamtazama mkewe aliyekuwa amejiziba uso kwa kitabu cha nyimbo, tumbo lake limeanza kutangulia kama pua ya meneja.

"Pombe, mama!" alijibu kwa sauti.

"Haya," alisema mama. "Mungu awasamehe. Na ile yangu ya nywele usisahau."